Nyuzi Zilizoachiana

Mwanamke mmoja alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, na kazi yao ilikuwa moja. Mkubwa aliitwa Mize, mdogo akiitwa Riziki. Walikuwa wasokotaji wa kamba kama mama yao alivyokuwa, katika kijiji kilichokaa juu ya mawe matupu, mahali ambapo mnazi huota lakini mto haupiti. Watu wote wa kijiji hicho walikunywa maji ya kisima kimoja kirefu, kilichochimbwa na watu ambao majina yao hakuna aliyeyakumbuka. Kamba ya kisima ilitoka mikononi mwa mama yao, na mama alipozeeka, ikatoka mikononi mwa mabinti zake.

Kazi yenyewe ni ya subira. Makumbi ya nazi huzikwa kwenye tope la pwani na kuwekewa mawe juu, yasichukuliwe na maji yanapojaa. Huachwa humo miezi na miezi mpaka nyama yake ioze. Yakifukuliwa huwa meusi, yana harufu nzito, na mtu asiyeyazoea hugeuza uso. Hupigwa kwa gongo, yakaoshwa, yakaanikwa, na kinachobaki ndicho usumba, nyuzi ngumu za hudhurungi ambazo chumvi imekwisha kuzijaribu ikashindwa nazo. Lakini uzi wa usumba ni mfupi. Ulio mrefu kuliko yote haufiki mbali zaidi ya shibiri. Hakuna uzi hata mmoja unaoanzia mwanzo wa kamba ukafika mwisho wake. Kila uzi hushika pale ulipo, ukaukabidhi mzigo kwa ulio jirani nao, na majirani wakaubana usichomoke. Hapo ndipo nguvu ya kamba ilipo.

Na kuna jambo la pili, ambalo mama yao aliwafundisha kwa mikono kabla hawajaweza kulieleza kwa maneno. Nyuzi husokotwa kwa kulia mpaka ziwe kigwe, kikamba chembamba. Kisha vigwe vitatu huwekwa pamoja na kusokotwa kwa kushoto, vikawa kamba. Kigwe kikiachwa kinataka kujifungua upande huu. Kamba ikiachwa inataka kujifungua upande ule. Kila kimoja kinang'ang'ania njia yake, na kwa kuwa njia hazifanani, kimoja kinamzuia mwenzake asiende. Ndiyo maana kamba ya kubeba mtu haisokotwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa ncha hii, wa pili hukaa ncha ile, huyu akizungusha hivi na yule kinyume chake, wote wakivuta. Mize alikaa ncha ya juu na Riziki ncha ya chini tangu walipokuwa wasichana wasiojua hata kufunga leso ikakaa.

Mama alikufa wakati wa jua kali la kaskazi. Mize alikuwa ng'ambo ya pili ya kisiwa, kwa wakwe zake, akimwuguza mama wa mumewe. Habari ilimfikia usiku, akatoka alfajiri kwa miguu, akatembea bila kunywa maji wala kupumzika. Alipofika aliwakuta wanaume wakirudi kutoka makaburini, na udongo wa kaburi umekwisha kumwagiwa maji. Uso wa mama yake hakuuona.

Alimwendea Riziki ndani. "Mngeningoja mpaka alasiri tu," alisema. "Alasiri tu, Riziki."

"Haikuwezekana, dada," alijibu Riziki, akiangalia chini.

Neno hilo moja halikumtosha Mize. Alilichukua akalala nalo, akaamka nalo, na kila siku lilizidi kumchoma. Siku ya hitima, wanawake walipokuwa wamekaa kwenye masinia, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Wapo watu wana haraka ya kumfukia mama yao kama wanaofukia makumbi." Mikono ikasimama juu ya wali. Riziki aliinuka, akanawa, akachukua buibui lake, akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakukaa tena kwenye kamba moja.

Wakikutana njiani walisalimiana, kwa sababu salamu ni haki ya Mungu. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Riziki aliacha usumba akashika ukindu. Alisuka mikeka, kwa maana ukili husukwa na mtu peke yake, akiwa amekaa kwenye baraza yake, na hauhitaji mkono wa pili. Mize aliendelea na kamba ndogo ndogo, za kufungia ng'ombe na za kuwambia vitanda. Alipigilia kigingi uani kwake, kikawa ndicho mwenzake wa kazi. Na kwa kamba za namna hiyo kilimtosha, akajizoesha kuamini kwamba kingemtosha kwa kila kamba.

Mwaka ukaja ambao maji ya kisima yalianza kutoka na tope, kisha tope likawa jingi kuliko maji. Chemchemi ilikuwa imeziba chini. Kila baada ya muda jambo hilo hutokea, na dawa yake ni mtu kushushwa kwa kamba, akazoa tope na kuuzibua mshipa wa maji. Lakini kamba ile ya zamani, iliyosokotwa na dada wawili, ilikuwa imekwisha kulika. Sheha wa kijiji, mzee Ngwali, alikwenda kwa Mize.

"Bi Mize, tunataka kamba ya kumshushia mtu."

"Mtaipata."

"Nimefikiri nipite na kwa Bi Riziki, ili nyote wawili…"

"Sheha, nimesema mtaipata."

Ngwali alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani mara nyingine hunyamaza pasipostahili. Aliaga akaondoka.

Mize aliianza kazi kwa bidii ambayo hajawahi kuwa nayo. Alifukua makumbi yake bora, akayapiga mwenyewe, akayaosha mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akakaa kuchagua. Nyuzi ndefu aliziweka mkekani, fupi akazitupa nyuma ya nyumba, zikawa lundo. Mama yake hakuwa akitupa fupi, alizichanganya zote. Lakini Mize alijiambia kwamba kamba ya nyuzi ndefu tupu haitahitaji msaada wa mtu. Alitaka watu waione na waseme kwamba ni afadhali hivi. Alitaka zaidi Riziki asikie kwamba wamesema.

Vigwe vilitoka vizuri, laini, vimenyooka. Tabu ilianza alipofika kwenye msokoto wa pili. Kigingi hakizunguki. Kigingi hakivuti. Alipozungusha ncha hii kwa kushoto, vigwe vililegea kwa upande wa pili, akakimbilia huko kuvikaza, na alipofika, kule alikotoka kumefunguka. Alikwenda na kurudi mpaka kanga ikamlowa jasho. Mwisho alisimama katikati ya ua, akatazama huku na huku kama mtu anayeogopa kuonwa, ijapokuwa hapakuwa na mtu. Kisha akafanya jambo alilojua halifanywi. Alivisokota vigwe kwa kulia, upande ule ule wa nyuzi. Kamba ikatii mara moja. Haikugombana naye hata kidogo. Ililala mkononi mwake laini kama mshipi wa hariri, bila ule ukaidi wa kamba za mama.

Watu walipoiona waliisifu. Kisimani wanaume wakajigawa, hawa upande huu, hawa upande ule, wakaivuta kwa nguvu zao zote, na kamba haikulalamika. "Hiyo ndiyo kamba," walisema. Mize alikuwa amesimama kando. Alijua kwamba kamba iliyoshikwa ncha zote mbili haina nafasi ya kuzunguka. Alijua pia mama yake alivyokuwa akiijaribu kamba: aliifunga jiwe, akaliacha lining'inie, akatazama kama linatulia au linazunguka. Hakusema.

Aliyejitolea kushuka alikuwa Vuai, mume wa Riziki. Alikuwa mwembamba, hana woga, na aliwahi kukizoa kisima hicho kabla. Asubuhi ile mkewe alimfungia kitambaa kichwani, na Vuai akamwuliza kama ana neno. Riziki aliendelea kusuka ukili wake. "Ya moyoni mwa Mize siyajui," alisema. "Lakini mikono yake naijua. Nenda." Alibaki nyumbani, kwa kuwa hakutaka kusimama karibu na dada yake mbele za watu. Kamba yenyewe hakuitilia shaka, na kwa hiyo hakwenda kuitazama.

Wakamfunga Vuai, wakamshusha. Kisima kile ni chembamba mdomoni, kisha kinatanuka tumboni kama mtungi, kwa hiyo mtu akifika katikati miguu yake haigusi ukuta. Alipofika hapo walimsikia akicheka.

"Shemeji Mize! Kamba yako inanichezesha ngoma huku! Nazunguka kama pia!"

Watu wa juu wakacheka. Mize naye alicheka. Lakini neno lilimjia mpaka kwenye ulimi: mpandisheni. Lilikuwa neno moja tu, lisilomgharimu mtu chochote ila yeye. Angelisema wangemwuliza kwa nini, naye ingebidi ajibu mbele ya kijiji kizima kwamba kamba hiyo inamtaka Riziki. Alilimeza neno lake. Na Vuai, ambaye alikuwa mwepesi na mkavu, alifika chini salama, na Mize akapumua kama mtu aliyesamehewa.

Vuai alifanya kazi mpaka jua likapita kichwani. Ndoo zilipanda na tope, zikashuka tupu. Kisha wakasikia sauti yake, "Maji! Maji yamekuja!" Wanawake wakapiga vigelegele. Wakamwambia ajifunge apandishwe. Sasa alikuwa amelowa, nguo zimemganda kwa tope, na uzito wake si ule wa asubuhi. Wanaume wakavuta. Alipofika kwenye tumbo la kisima alianza kuzunguka, kwanza polepole, kisha kwa kasi, na safari hii hakucheka. Mize aliinama mdomoni mwa kisima. Aliviona vigwe vyake vitatu vikitengana, kimoja kikimwacha mwenzake, na ndani ya vigwe nyuzi nazo zikilegea na kunyooka, ndefu, nzuri, kila moja ikiteleza njia yake. Hapakusikika mlio wa kitu kukatika. Wanaume walianguka chali na kipande cha kamba mikononi, na chini kabisa maji yakapiga kishindo.

Wakajiinua, wakakimbilia mdomoni mwa kisima. Kisha sauti ikapanda. "Mguu! Mguu wangu umevunjika!" Na baadaye kidogo, sauti yake ikiwa imebadilika, "Maji yanapanda."

Ilikuwa kweli. Mshipa alioufungua mwenyewe ulikuwa unakijaza kisima, naye amekaa chini hawezi kusimama.

Sheha Ngwali aliiokota ncha ya kamba, akaileta karibu na macho yake, akaipekua kwa vidole. Alitafuta mahali ilipokatika asipaone. Aliwaonyesha wengine. Kila uzi ulikuwa mzima. "Hazikukatika," alisema, kama mtu asiyeamini anachosema. "Zimeachiana."

Hapo watu wakatawanyika kwa hofu. Wengine walikimbilia kijiji cha jirani kutafuta kamba, lakini ni mwendo wa kwenda na kurudi ambao jua lisingeusubiri, wala maji. Wengine walikusanya kamba za ndoo, nyembamba, wakaziunga kwa mafundo, wakazivuta kuzijaribu, zikakatika kwenye fundo la kwanza. Mama mmoja alianza kulia kilio cha msibani, wakamnyamazisha kwa ukali, kwa sababu Vuai angemsikia.

Mize alisimama palepale. Alielewa kuliko wote kitu gani kinahitajika, na alielewa kinapatikana wapi. Nyumba ya Riziki haikuwa mbali, lakini hakuwahi kutembea njia ndefu kama ile.

Alimkuta barazani na mkeka wake. Riziki aliinua macho, akaona uso wa dada yake, ukili ukamponyoka.

"Vuai ameanguka kisimani. Yu hai. Mguu umevunjika na maji yanapanda."

"Ameangukaje?"

"Kamba imefunguka."

"Kamba yako wewe?" Riziki alisema taratibu. "Kamba yako ifunguke?"

Mize angeweza kusema ilikuwa ajali. Angeweza kusema ni Mungu. Njiani maneno hayo yalikuwa yamempitia yote. "Niliisokota peke yangu," alisema, "upande mmoja, kulia juu ya kulia. Nilijua. Alipokuwa akishuka alisema inazunguka, nikamsikia kwa masikio yangu. Nikanyamaza."

Riziki alisimama. Mize alingoja kofi, na angelipokea. Lakini mdogo wake alijifunga kanga kiunoni, akakaza fundo, akampita bila kumgusa, akatangulia mbio kuelekea kisimani.

Alipofika hakuita jina la mumewe, wala hakuinama kumtazama. Alichukua kamba iliyobaki juu, akaifungua yote mpaka zikabaki nyuzi. Aliona zilikuwa nzima. "Fupi ziko wapi?" aliuliza bila kugeuka. Mize akasema ziko nyuma ya nyumba, alizitupa. Wanawake wakaenda kuzileta kwa mapakacha. Riziki akazichanganya fupi na ndefu, kwa kuwa ndefu peke yake huteleza, na fupi ndizo huingia katikati zikajaza nafasi na kushikiza. Aliwagawia wanawake wote waliokuwapo, wakakaa chini kuzunguka kisima wakazisokota mapajani mwao, na vigwe vikaanza kutoka, vinene, vichafu, vyenye vinyweleo. Hakuna aliyevisifu.

Vigwe vitatu vilipokuwa tayari, Riziki alivikusanya akaishika ncha ya chini, akakaa. Ncha ya juu ililala mavumbini. Mize aliiinamia akaishika, lakini hakuweza kukaza. Machozi yalimziba macho. Mbele yake alikuwa amekaa mdogo wake, ambaye yeye alimwaibisha mbele ya masinia, akamtia na mumewe shimoni, na kwa upande wa pili wa kamba hiyo alishindwa kumtazama.

"Riziki," alisema, "nisamehe kwanza. Nisamehe ndipo niweze."

Riziki alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya hitima.

"Sijakusamehe," alisema. "Shika."

Mize akashika.

Riziki alizungusha na kuvuta, na hasira yake yote aliyoiweka tangu hitima ilikuwa katika mvuto ule. Mize ilimbidi avute naye kwa nguvu zote, asije akaburutwa. Huyu alizungusha hivi na yule kinyume chake. Kamba ililia katikati yao. Ilikuwa kaidi, ilijikunja, ilitaka kuwaponyoka wote wawili, na kwa kila mzunguko ilizidi kuwa ngumu, mpaka ikawa kama mfupa. Chini Vuai alikuwa akiita kila baada ya muda kwamba maji yamefika kiunoni, kwamba yamefika kifuani. Kisha akawa haiti. Riziki alikuwa ameuma midomo. Hakuweza kumwita, kwa maana sauti yake ingepasuka na mikono ingelegea. Mize ndiye aliyeita. "Shemeji! Tumo kazini, shemeji! Tupo wote wawili!" Sauti dhaifu ikajibu kutoka chini, "Nasikia."

Riziki hakukubali ishushwe hivihivi. Wanaume walipiga kelele kwamba hakuna wakati. Aliifunga jiwe, akaliacha lining'inie mdomoni mwa kisima, naye akalitazama. Jiwe lilitikisika kidogo. Likatulia. "Shusheni," alisema.

Vuai alijifunga chini ya makwapa kwa mikono iliyokufa ganzi. Wakamvuta. Alipita tumboni mwa kisima bila kuzunguka, kimya, kichwa kimelala begani, na alipotokea mdomoni, maji yalikuwa yamemlowesha mpaka kwenye ndevu. Alikuwa hai. Riziki alimfuta uso kwa kanga yake, ndipo akalia, na alilia kwa muda mrefu.

Mguu haukuunga vizuri. Vuai alitembea na mkongojo maisha yake yote, na kisimani hakushuka tena. Hakumwekea shemeji yake kinyongo, au kama aliweka hakukionyesha. Yeye alikuwa mtu wa namna hiyo. Riziki hakuwa hivyo. Mize alituma watu kuomba radhi, wakarudi mikono mitupu. Sheha alitaka kuwakalisha, Riziki akasema ana kazi. Mvua za masika zilikuja zikaisha, nao walikuwa bado wanasalimiana njiani na kupitana.

Lakini kamba ile ilikuwa imesokotwa kwa haraka, na kisima kilihitaji nyingine ya kudumu. Mize alipoanza kuyapiga makumbi uani kwake, bila kumwita mtu, aliona kivuli mlangoni. Riziki aliingia. Alitoa salamu, akaitikiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigingi, akakitikisa, akaking'oa, akakitupa kando, kisha akakaa mahali pake.

Walifanya kazi siku nyingi namna hiyo. Mwanzoni waliongea habari ya kazi tu: kaza, legeza, ngoja. Hakuna aliyemwomba mwenzake kitu wala kumpa. Nyuzi fupi na ndefu zilipita mikononi mwao pamoja. Na siku moja, bila kusimamisha mikono, Riziki alianza kusema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo yaliyokatika jana.

"Maradhi ya mama yalikuwa ya kuvimba. Ulipoondoka hayajaanza. Alipokata roho, joto lile, mwili haukungoja. Mimi na mwoshaji peke yetu ndio tuliouona. Mwoshaji alisema, mwanangu, akikaa mpaka alasiri watu watamjua kwa namna ambayo hutaki wamjue. Nikasema azikwe. Siri ya maiti haisemwi, dada. Ulipouliza nilitaka kukwambia, lakini nyumba ilikuwa imejaa watu. Kisha ukasema ulilosema."

Machozi yalimdondoka Mize juu ya usumba, na mikono yake ikaendelea kuzungusha, kwa sababu ncha ya pili ilikuwa inavuta. Mwishowe alisema, "Hukuwa na haraka." Riziki akasema, "Sikuwa." Hapo ndipo msamaha ulipopita kati yao, na hata siku hiyo hakuna aliyeutaja kwa jina lake.

Ninyi mliokaa hapa kunisikiliza mnafahamu ninasema habari ya kamba zipi. Mnakwepana milangoni, mmekuwa wawili wawili mnaosalimiana tu, na kila mmoja amejipigilia kigingi uani kwake akakiita mwenzake. Mnasema moyo haujapoa, na mimi sisemi umepoa. Wa Riziki ulikuwa bado unawaka alipoishika ncha yake. Basi nawauliza: mkingoja mioyo ipoe ndipo mshikane, aliyeko chini kisimani, ambaye maji yamemfika kifuani, mnamwambia angoje mpaka lini?